Karatasi ya Vangel Langoni

Zahari alikuwa mtu wa Ruse, huko kwenye mto Danubi, na Bansko, mji wa milimani, alifika kama wanavyofika wengi: begi moja, kompyuta, na tumaini kwamba huku mtu anaweza kuishi kwa kidogo. Kazi yake ilikuwa kuwaomba radhi watu wa mbali. Kampuni moja ya Uholanzi iliuza maua, maua mengine yalifika yamenyauka, na aliyenung'unika alijibiwa na Zahari. Pole sana bibi, pole sana bwana, tutakuletea mengine. Kazi ya namna hiyo haiulizi umekaa wapi, mradi mtandao upo, ndiyo maana mji ulijaa wahamaji wa kompyuta wa kila taifa. Wenzake walifuata theluji, yeye alifuata unafuu. Miaka yote ile hakuwahi kuzivaa zile mbao za kutelezea thelujini.

Unafuu wa mji wa theluji una masharti yake. Maharage unapika nyumbani. Mboga unazinunua Jumapili sokoni, wauzaji wakiwa wameanza kufunga mizigo na kuchoka kubishana. Na Desemba unahama, utake usitake, maana wenye nyumba huwatoa wapangaji wa siku zote na kuwaingiza watelezaji, ambao kwa wiki moja hulipa cha msimu mzima. Zahari alihamishwa hivyo majira baada ya majira, mpaka akalifikia lango la Mama Malina.

Nyumba ilikuwa ya mawe, mtaa wa zamani, na chumba cha chini kilikuwa na jiko la kuni. Langoni ilibandikwa karatasi ya marehemu mumewe, Vangel: picha yake amevaa tai, jina, na maneno ya majonzi. Kule kila nyumba hubandika, arobaini ikifika, kisha nusu mwaka, kisha kila mwaka kwa wanaotaka. Na ikishabandikwa, mkono wa mtu hauibandui. Huachiwa mvua na upepo. Sasa watelezaji hawakuyajua hayo. Walifika na masanduku yao, wakauona ule uso ukiwakodolea macho, wakageuka kurudi. Chumba kikakaa bure.

"Na wewe humwogopi?" Malina alimuuliza siku ile ya kwanza.

"Mama, nilikotoka niliishi juu ya disko. Huyu wako angalau hapigi ngoma."

Malina alicheka mpaka akashika nguzo ya lango, akataja kodi ndogo, na theluji ilipoanguka hakumwambia ahame.

Basi wakaishi. Zahari alipasua kuni na kumshikia pipa la kabichi ya kuchachua, mama akamwekea sahani Jumapili. Nyumba ya Ruse ilibaki kwa aliyekuwa mkewe, na watoto hakujaliwa. Ukimuuliza kwao ni wapi alisema "huku" kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita kwenye shamba la watu.

Vuli ile mvua iliing'oa karatasi ya Vangel, ikaanguka topeni. Kila mwaka Malina alibandika nyingine kabla ya kumbukumbu ya kifo chake. Safari hii siku zilisogea na lango likabaki tupu. Kisha Zahari, akiingiza kuni, akamsikia mama jikoni akisema kwenye simu na Rositsa, bintiye aliyekaa Sofia.

"Najua kodi ni ndogo. Najua, mwanangu. Njoo basi Jumamosi ukipige picha, tutaona."

Kupiga picha chumba maana yake ni kukitangaza kwa watelezaji. Zahari akaziweka kuni chini polepole. Kifua kilikuwa kinamsumbua tangu Oktoba, na palipobaki pa bei yake ni lile jengo la kule mtoni ambalo mjenzi alilikimbia kabla halijaisha, lenye kuta zinazotoa jasho na jiko la umeme linalokula pesa kuliko mtu. Hakuuliza kitu. Mtu aliyezoea kufukuzwa haulizi, hutafuta njia.

Katikati ya wiki Malina alikwenda kwa dada yake, mji wa Razlog, kumsaidia kuchachua kabichi, arudi Jumamosi pamoja na Rositsa. Zahari akabaki peke yake na nyumba, na wazo likamwingia taratibu kama baridi ya mlangoni. Vangel akirudi langoni, nani atambandua? Binti hawezi kuubandua uso wa baba yake. Na mama atashukuru, atasema Zahari amekumbuka pale mimi niliposahau. Hilo la pili alilirudia mara nyingi zaidi.

Kwenye kompyuta ilikuwepo karatasi ya mwaka uliopita, maana yeye ndiye aliyemtengenezea. Akabadilisha idadi ya miaka, akabadilisha tarehe ikawa ya Jumamosi, siku wanayoombewa wafu kule, mengine akayaacha yalivyo. Akaichapisha, akabandika moja langoni, moja kwenye nguzo ya taa, moja ubaoni karibu na kanisa, kama ada inavyotaka.

Katika yale mengine aliyoyaacha, chini kabisa, uliandikwa mstari kwamba sala itasomwa makaburini saa nne asubuhi, na ndugu na majirani wote wanakaribishwa.

Malina na Rositsa walishuka kwenye basi adhuhuri, wakakutana na majirani wakiteremka kutoka makaburini. Majirani hawakumwamkia Malina. Aliyesimama ni mzee Lazar wa nyumba ya pili, koti limelowa, mshumaa mzima mkononi.

"Malina, kama umechoka na Vangel ungetuambia. Tumesimama pale kama mbuzi mvuani. Hakuna padri, hakuna mkate, wala punje ya ngano ya kumbukumbu. Nilimwambia marehemu mwenyewe, samahani bwana, mkeo amealika watu kisha akaenda matembezi."

"Nimealika nani?"

Lazar akamwonyesha nguzo ya taa.

Jikoni Zahari alikuwa amewasha jiko mapema ili wakute joto. Malina aliketi bila kuvua koti.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Nilidhani umesahau."

"Mke hasahau. Mwaka huu nilitaka kutoka langoni asubuhi bila kutazamwa. Basi. Nilimwomba padri amtaje kanisani kimyakimya, inatosha. Na wewe ukamrudisha."

Rositsa akadakia, "Mama, huelewi? Alitaka watelezaji wakimbie. Kaka Zahari, sema kama nimekusingizia."

Miaka yote ile Zahari aliomba radhi kwa maua ya watu, na sasa kosa lilikuwa lake. "Hujanisingizia, dada," akasema.

"Ungeniuliza," Malina akasema. "Sijui ningekujibu nini. Labda ningesema kaa, labda ningesema nenda. Ila ungeniuliza mimi, ungemwacha Vangel."

Alasiri ile mama alichemsha ngano, akaitia sukari na karanga zilizopondwa. Maana watu wakishaalikwa kwa ajili ya marehemu lazima wale, hata kama aliyewaalika hakuwa na haki ya kuwaalika. Wakazunguka mtaa mzima chini ya manyunyu, Malina akigonga milango, Zahari nyuma yake amebeba sufuria. Kila mlango ulipofunguliwa alisema, "Kosa la nyumba yangu, nisameheni," na wao walipokea vijiko vichache na kujibu kama inavyojibiwa kwa marehemu, "Mungu amsamehe." Zahari hakumtaja. Kwa Lazar, mkewe alichungulia, "Na huyu mwenye sufuria ni nani wako?"

"Mpangaji," Malina akasema.

Waliporudi, Rositsa alikuwa ameshapiga picha chumba, shuka la Zahari limekunjwa pembeni lisionekane. Hakufukuzwa. Aliambiwa hadi mwisho wa mwezi, na hakuungoja. Jumatatu alipasua kuni zote zilizobaki, akazipanga ukutani, akachukua begi. Malina alimpa mtungi wa kabichi, akamfunga skafu vizuri shingoni, akarudi ndani bila kusubiri apotee kwenye kona.

Kule mtoni jengo zima lilikuwa na dirisha moja lenye taa, lake. Alifanya kazi amevaa kofia, akikohoa. Theluji ilipoanza kuanguka Rositsa alimwandikia ujumbe kwa adabu: kaka, Kiingereza changu kibovu, na wewe chumba unakijua, waweza kunitungia tangazo la wageni? Nitakulipa.

Alijibu kwamba hahitaji malipo. Akaandika kwamba chumba kina joto. Kwamba jiko likiwashwa jioni, asubuhi mawe ya ukuta bado yana uvuguvugu ukiyagusa. Kwamba pako kimya, na mwenye nyumba ni mtu mwema ambaye Jumapili huenda akakuwekea sahani. Akausoma mstari huo wa mwisho, akaufuta, kwa kuwa hilo si la kumwahidi mtu kwa niaba ya mwingine. Akatuma.

Kisha akafungua malalamiko yaliyofuata. Mwanamke mmoja wa Uholanzi alisema maua yake yamefika yamekufa. Zahari akapulizia vidole vyake, akaanza: pole sana, bibi.