Mechi ya Wiki ya Giza

Kwa jumla mechi ile ilitugharimu ndagala wa nusu usiku, urafiki wa baba, tuliyemwita Papa, na mwenye mitumbwi, na goti la kushoto la Asukulu. Nimehesabu mara mbili. Ndagala walipatikana tena, urafiki ulishonwa baada ya Noeli mbili, goti ndilo halikurudi. Lakini kabla ya gharama kulikuwa na harufu. Uwanja wetu hapa Kalemie ulikuwa ukanda wa mchanga kati ya nyumba za wavuvi na ziwa, na siku zisizo na mechi akina mama walianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, juu yake, kutoka goli hadi goli. Siku ya mechi waliwazoa wakinung'unika. Harufu haikuzoleka. Timu ngeni zilifika zimeziba pua, na Papa alisema hilo ni goli letu la kwanza, refa hajapuliza bado. Mama yangu hakukubali kuondoa samaki wake wa karibu na kibendera cha kona. "Mwenye kuwaangukia atawanunua," aliwaambia wachezaji wa timu zote mbili, wala hakuwa anatania. Siku moja refa mwenyewe alirudi kwake na vikombe viwili vya ndagala ambavyo hakuwa amevipanga.

Timu iliitwa Mapezi. Ilianzishwa na watu wa reli, zamani zile treni ilipokuwa bado inaheshimu saa. Mchezaji wangu wa kwanza kumpenda ni wa enzi hiyo, kipa aliyeitwa Mulongo, na sikumwona hata siku moja. Nilimpenda kwa kusimuliwa. Papa alisema Mulongo hakujirusha kamwe. Alikwenda kusimama pale mpira ungefika, akausubiri kama mtu anayeijua stesheni yake. Treni zilipoanza kuchelewa kwa siku, kisha kwa wiki, watu wa reli walitawanyika, na jezi zao zikaangukia mikononi mwa wavuvi, wengi wao watu wa kwetu, Wabembe walioshuka kutoka kaskazini ya ziwa na nyavu zao na Biblia zao. Hiyo ndiyo enzi niliyoiona kwa macho, na katika enzi hiyo alikuwapo Asukulu, winga wa kushoto. Alikuwa mwembamba, mabega ya kuvuta wavu, miguu isiyo na kelele. Alikimbia ukingoni kabisa mwa maji, hivi kwamba beki aliyemfuata alijikuta mguu mmoja uko uwanjani na mwingine ziwani. Akifunga goli hakucheza ngoma. Alikwenda kunawa uso, akarudi katikati kama mtu aliyetumwa chumvi.

Timu ya wavuvi ilikuwa na sharti moja, na sharti hilo halikuandikwa popote kwa sababu kila mtu wa pwani alilijua. Ndagala huvuliwa kwa taa, na taa haivuti samaki wakati mwezi unang'aa. Kwa hiyo wiki za giza wavuvi walikesha ziwani na kulala mchana; wiki za mbalamwezi walibaki nchi kavu, wakashona nyavu, wakacheza mpira. Mapezi ya mbalamwezi ilimtisha kila mtu. Mapezi ya giza ingefungwa na kwaya ya watoto. Papa alikuwa prezida wa timu, cheo ambacho kazi yake yote ilikuwa kupatana, kama watu wanavyovutana bei sokoni: kila mwanzo wa msimu alikwenda kwa katibu wa ligi na samaki wa kubanika mkononi, akarudi na mechi zetu zimepangwa kufuata mwezi. Nilikuwa na miaka kama kumi alipokuja katibu mpya, mtu wa bara kutoka upande wa Niemba, ambaye ziwa alilijua kwa kuliona kutoka barabarani.

"Papa Prezida," alisema katibu, "mimi napanga mechi kwa tarehe, si kwa mwezi wa mbinguni."

"Siye tunakula kwa ule wa mbinguni."

"Basi uende kwa mwenyewe, umuombe aahirishe."

Papa aliacha samaki mezani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya pasipo kupata kitu. Mechi ya mwisho ikabaki palepale, katikati ya giza. Na msimu ulikuwa umetuendea vibaya: tukifungwa tunashuka daraja, na daraja la chini lilichezwa huko bara, safari za siku mbili ambazo hakuna mvuvi angeziweza. Sare ingetosha. Bila sare hakuna Mapezi. Papa alijaribu kupatana na mwenye mitumbwi ili vijana warudi usiku wa manane badala ya alfajiri. Mwenye mitumbwi alikataa. Vijana walirudi hivyohivyo, na wavu nusu. Walichohitaji kuanzia hapo ni kulala tu. Lakini mtaa mzima uliwapenda kupita kiasi. Jua halijapanda, akina mama wa kanisa walikuwa milangoni kwao na ngoma, wakiimba kuwatia nguvu, nyumba kwa nyumba, na hakuna mchezaji aliyethubutu kuwaambia mama zake wanyamaze. Waliingia uwanjani saa tisa macho mekundu kama wamevuta moshi wa jiko.

Kipindi cha kwanza tulifungwa moja. Kipa wetu alikuwa ameegemea mlingoti, kidevu kifuani, hadi Mama alipompigia kelele toka kwenye samaki zake: "Weye! Hapa si kwa mama yako, amuka!" Watu wakacheka, hata wageni. Asukulu hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya mchanga anajimwagia maji kichwani. Karibu na mwisho aliuchukua mpira ukingoni, akampeleka beki wake ziwani kama kawaida, akafunga. Hakwenda kunawa. Alisimama tu, kana kwamba amesahau kinachofuata. Dakika chache baadaye alitaka kugeuka na mpira. Mwili uligeuka, mguu ulibaki ndani ya mchanga. Mlio wa goti nilidhani ni ubao wa mtumbwi unaovunjika. Tulipata sare. Wakambeba juu ya wavu, huku ngoma zile zile zikipigwa kwa furaha.

Msimu uliofuata Papa alirudi kwa katibu. Alipoanza habari ya mwezi, yule mtu alitabasamu kwa upole kabisa: "Lakini mulicheza giza, na mukapata sare." Papa alirudi nyumbani, akaketi bila kuvua viatu. "Nimeonyesha pesa kabla ya kuuliza bei," alimwambia Mama. Sijawahi kusikia mtu akijihukumu kwa maneno machache hivyo. Tangu hapo mechi zetu zilianguka popote zilipoanguka, na wavuvi wakaacha mmoja mmoja, kwa sababu wana watoto wa kulisha.

Leo mimi nauza samaki wakavu, nashuka hadi Zongwe kuwachukua, na napatana vizuri kuliko Papa. Ziwa limepanda, limechukua nusu ya uwanja, kisha goli, kisha nyumba za mbele. Mapezi ilihamia mlimani, kwenye udongo mwekundu usio na harufu yoyote. Nilimpenda mchezaji mmoja wa enzi hiyo pia, Fiston, kijana mwenye viatu vingi kuliko timu yote ya Asukulu. Alituacha akaenda Lubumbashi; huwa anatuma picha. Wiki iliyopita kamati yetu ilikubali kumpa mfanyabiashara wa madini nafasi yetu katika ligi. Jina litabadilika, rangi pia. Nilihesabu mikono iliyopinga, nikarudia kuhesabu, na mara zote mbili ulikuwa mmoja, wangu.

Papa Asukulu, tunavyomwita sasa kwa uzee wake, anaishi huko juu kwa binti yake. Tangu siku ile ya wavu hajaenda kutazama mechi hata moja, lakini kila Jumapili baada ya ibada ananishika mkono, anauliza habari za timu. Jumapili iliyopita aliuliza wanacheza na nani.

"Bado hawajapanga, Papa," nilisema.

"Wakipanga, waniwekee kiti kwa kivuli. Safari hii nitaenda kuona. Goti litanizuia mpaka lini?"

Binti yake alifurahi hadi akapiga makofi. Mimi nilisema ndiyo. Jumapili inakuja tena, na mimi, ninayeweza kumwuzia mtu dagaa wa juzi, sina pa kuanzia. Wewe unayesoma, kama umewahi kumwambia mzee kwamba kitu alichokilipia kwa mwili wake kimekwisha kugawiwa mtu mwingine, nifundishe neno la kwanza tu. Mengine nitapatana nayo mwenyewe.