Macho ya Manjano ya Kibet

Wasee, kumbe dawa inaweza kuumiza ini!

Kaka yangu Kibet alianzishiwa dawa ya kutuliza sauti anazosikia kichwani. Sauti zikanyamaza, tukashukuru Mungu.

Leo asubuhi hapa Elburgon, nacheki macho yake ni ya manjano, na anajikuna mwili mzima.

Mathe, mama yetu, akawaka: "Umerudia pombe!"

Kibet akaapa hajaonja.

Tukampeleka hospitali Nakuru. Daktari akapima damu, akauliza anatumia dawa gani. Tukamwonyesha, akasema:

"Si pombe. Ini lake limekataa hii dawa. Tutambadilishia."

Eti hata dawa zingine za kuzuia kutapika ni za ukoo mmoja na hiyo dawa, ajihadhari nazo!

Mathe akamshika Kibet mkono, mbele ya watu wote.

"Nisamehe, baba."

Sijawahi kumsikia akisema hivyo.

Kuna mwenye ameona hii kitu kwao?