Kidevu Kifuani

Soja wa geti la shule yetu, karibu na Litein, alikuwa na mikono mikubwa na sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Homa ya uti wa mgongo ilipomuua msichana wa Form Two na kuingia vijijini, nesi alimweleza soja kwamba mgonjwa shingo hukaza, kidevu hakifiki kifuani. Tangu hapo hakuna aliyepita bila kuinama. "Angalia kifungo yako," alisema, rungu kwapani, na ukiinamisha macho tu bila shingo, ulirudi barabarani ukaanza upya. Naibu chifu aliinama, kofia ikaanguka matopeni. Mchungaji aliinama kuomba, akapitishwa kabla ya amina. Opiyo, dereva wa lori la kuni, alikuwa amelalia shingo vibaya, akashinda nje nyasini na sisi tukala githeri isiyoiva. Ng'ombe wa mwalimu mkuu waliinamia majani wakapita. "Hata ng'ombe inajua sheria," soja alituambia.

Siku ya kuchanjwa, mvua ya mawe ikianza, nesi alimwambia na yeye aangalie kifungo chake. Alijaribu. Akajaribu tena, akisukuma kisogo kwa mikono yote miwili, kidevu kikagoma hewani. Tulicheka, tukidhani anamwigiza Opiyo. Yeye alifungua geti, akatoka, akatia kufuli kwa nje, akaturushia ufunguo juu ya michongoma. Kisha akaketi kwenye nyasi, palepale alipomweka Opiyo.