Swali la Kimbunga, Baraka

Sijawahi kuona kimbunga, na nadhani mkaguzi wa shule aliyekuja kutuuliza habari zake hakuwahi kukiona pia. Hata hivyo, siku ile kanisani Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, mwaka wetu mzima wa masomo ulining'inia kwenye swali hilo moja.

Ilikuwa wakati wa vita. Askari walikuwa wamepikia madawati yetu kama kuni, kwa hiyo sisi wa mwaka wa mwisho tulisomea kanisani, tumeketi sakafuni. Tulikimbilia milimani, tukarudi, na mwalimu akaendelea pale alipoachia. Mkaguzi alitoka Uvira kwa boti, maana barabara ya kupitia Makobola haikupitika, akatuambia wazi kwamba tusipokuwa tumemaliza programu ya masomo, mtihani wa serikali hatutaufanya. Nilimkasirikia hata kabla hajaketi.

“Hewa kavu ikiingia ndani ya kimbunga,” akauliza, “njia yake inakuwa namna gani?”

Kiongozi wa darasa akajibu kwamba kinakufa.

“Sikuuliza kufa. Nimeuliza njia.”

Mwalimu wetu akainamisha kichwa. Alikuwa ametufundisha somo lile vizuri, ila wenzangu walilikariri tu. Mimi lilinikaa, kwa sababu ya baba. Kwetu wasichana hawapandi mtumbwi wa kuvua ndakala, lakini kila asubuhi, nikianika wale samaki wadogo mchangani, baba alinimiminia malalamiko yake yote kuhusu mikondo ya maji. Nikasimama.

“Monsieur l'inspecteur, naweza anza na Kiswahili?”

“Anza.”

“Baba akishusha wavu chini sana, maji ya chini ndiyo inauvuta. Akiupandisha, maji ya juu inaubeba, unaenda ngambo ingine. Kimbunga iko vile vile, ila yenyewe inasimama kwenda juu. Kama iko murefu, upepo ya kule juu ndiyo inaisukuma. Hewa kavu ikiingia, inakausha mawingu, kimbunga inabakia mufupi. Pale upepo ya chini inaichukua, inaipeleka njia ingine.”

Mkaguzi akaninyoshea kidole.

“Sasa sema yote mu Kifaransa. Examen ya serikali haitakuuliza habari ya baba yako.”

Nikasema yote, nikikosea vitenzi na kurudia, lakini sikuketi mpaka kimbunga kimefika kilikokuwa kinakwenda. Nyuma yangu wenzangu walianza kunong'ona majibu ya maswali ambayo hakuwa ameuliza bado, na alipoyauliza, mikono ilijaa hewani.

Mwishowe akamgeukia mwalimu. “Batafanya examen,” akasema. “Bote.” Wote, bila kumbakiza hata mmoja wetu.

Mwalimu, mwanamume mzima mwenye wajukuu, akapiga kigelegele kanisani kama mama wa bibi harusi. Tukampokea kwa vigelegele. Wanawake waliokuwa wakipita barabarani wakatujibu bila kujua tunashangilia nini, na nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilitoka mbio kuwaambia.