Nilivyomshinda Mzee Kauzeni

Tangu mke wangu afariki, aliyekuja kuketi nami jioni ni Mzee Kauzeni, mwenzangu wa jumuiya ya kanisani. Namshukuru Mungu kwa jioni zile. Tulibishana mpaka chai ikapoa: yeye husema taifa la Israeli la leo ni unabii unaotimia, mimi husema ahadi zile zimetimia katika Kristo, na Kanisa limezirithi. Siku moja nikamwambia anaisoma Biblia kama gazeti. Akachukua kofia yake, hakuja tena.

Nyumba ikawa kimya mno. Nikaanza kubishana na kiti chake. Namsemea yeye kwa sauti nzito, kisha najibu kwa yangu.

Juzi nilisahau kuwa ni zamu yangu kupokea sala ya jumuiya nyumbani kwangu. Wenzangu walipofika walisikia wazee wawili wakiongea, wakasubiri nje kwa adabu, kwenye baridi hii ya Sumbawanga. Ndani, Mungu anisamehe, Kauzeni wangu alikuwa anakiri: “Kweli ndugu yangu, umenishinda.”

Mlango ukasukumwa. Wote wakakitazama kiti kitupu, na aliyetangulia mbele yao ni Kauzeni mwenyewe.

“We mzee,” akaniuliza, “mimi nimeshindwa lini?”