Tulipoipaka Rangi Nyumba ya Mama

Haya ninayokueleza hayakutokea kwa jirani wala kwa rafiki ya rafiki. Yalinitokea mimi, kwetu karibu na Magunga, jua likiwa bado halijazama nyuma ya milima, na fundi wa rangi alikuwa pale juu ya ngazi akisikia kila neno. Ukitaka kucheka, cheka. Wengi wamecheka. Lakini Baba yangu hajacheka tangu siku hiyo.

Nianze na Mama, maana bila yeye hutaelewa. Mama alikuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani. Alivuka hadi kisiwa cha Mfangano kununua kwa wavuvi, kisha akarudi kuuza sokoni. Siku moja upepo uligeuka yeye na abiria wenzake wakiwa ziwani, mashua ikajaa maji. Wengine waliokolewa, wengine walipatikana baadaye. Mama hakupatikana. Mimi nilikuwa mtoto, hata shule sijaanza. Sura yake sikuikumbuka, na picha moja tuliyokuwa nayo iliharibiwa na mchwa. Kwetu, mtu akipotea majini na mwili usionekane, familia huzika tunda la mti wa yago, lile refu na zito, mahali pake. Basi tukazika yago kando ya nyumba, watu wakalia, wakaenda zao. Baba hakuoa tena.

Hata nyumba hakuigusa. Kuta za udongo Mama alikuwa amezisiriba kwa mikono yake mwenyewe, na Baba aliziacha vile miaka yote, zikipasuka polepole. Madirisha ya mbao yakaoza. Mabati yakashika kutu, mvua ikawa inamfuata mzee mpaka kitandani.

Mimi nimeolewa Rongo, nashona nguo. Mwaka jana nilienda nikamwambia Baba tuitengeneze nyumba.

"Sitaki nyumba mpya," akasema. "Nitazikwa kutoka hii."

Nikamweleza kwamba hatubomoi kitu. Tutaziba nyufa, tupige plasta nyembamba, tupake rangi, tubadilishe madirisha na mlango, na mabati yaliyooza peke yake ndiyo yatolewe. Baada ya siku kadhaa akakubali. Niamini, kazi ilipoanza alifurahi kuliko mimi. Rangi alichagua mwenyewe, ya maziwa kwa kuta na nyekundu kwa mabati. Ni yeye aliyesema ua wa ojuok ukatwe, ile miti ya utomvu mweupe iliyoficha boma, ili wapita njia waione nyumba.

"Min Awuor angeipenda," alisema. Awuor ni dada yangu mkubwa, na hivyo ndivyo Baba alivyomwita Mama siku zote, mama yake Awuor.

Sasa, jioni hiyo kazi ilikuwa inaelekea kuisha. Fundi alikuwa anapaka ubao wa chini ya paa. Baba alikuwa nyuma akifunga ng'ombe. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye veranda, nakwangua matone ya rangi sakafuni. Nikasikia mtu anapiga hodi.

Nilipoinua macho nikaona mwanamke amesimama pale ua ulipokuwa, karai kichwani, limefunikwa kwa leso. Hakuwa mzee. Tungekuwa rika moja. Nguo yake ilimshika mwilini kama aliyenyeshewa, na mvua haikuwa imenyesha. Je, niliogopa? Hapana. Wanawake wa samaki hupita kwetu wakiwa wamelowa kila siku.

"Karibu, dada," nikamwambia.

Hakuingia. Aliitazama nyumba, paa mpaka msingi, halafu tena.

"Hii boma ni ya nani?"

"Ni ya Baba yangu."

"Pole basi. Nilidhani nimefika."

Alishusha karai chini, akashika kiuno. Nikamuuliza anatafuta wapi.

"Kwangu. Ni nyumba ya udongo. Iko na ua wa ojuok."

Fundi akasema kutoka juu ya ngazi, "Mama, nyumba za udongo zimeisha huku. Labda mbele kule bondeni."

"Nimetembea sana," yule mwanamke akasema, ni kama hakumsikia. "Watoto hawajakula. Yule mdogo akilala na njaa hushtuka usiku."

Nilimhurumia. Nikamwambia akae, nimletee maji. Akatikisa kichwa.

"Maji nimekunywa ya kutosha."

Kisha akanitazama usoni kwa muda mrefu. "Umefanana na watu wa kwetu," akasema. Nikamjibu kwamba watu hufanana. Nikamsaidia kujitwika karai. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na baridi kama jiwe la mtoni. Nikamnyooshea mkono kuelekea bondeni. Akaniambia erokamano, asante, akaenda.

Hapo ndipo Baba alipotokea nyuma ya nyumba, kamba ya ng'ombe bado mkononi.

"Nani alikuwa anaongea hapa?"

"Mama mmoja wa omena. Amepotea njia."

"Alisema nini?"

Nikamweleza. Nilipofika kwa mtoto anayeshtuka usiku, alishika nguzo ya veranda yenye rangi mbichi.

"Ni wewe ulikuwa unashtuka," akasema.

Baba ana magoti mabaya. Kanisani watu humshika mkono akipanda ngazi. Jioni hiyo alikimbia. Alikimbia mpaka barabarani akiita, "Min Awuor! Ni hapa! Rudi, ni hapa! Watoto walikula!"

Barabara ile imenyooka, unaona mtu mpaka mbali. Haikuwa na mtu. Bodaboda mmoja alikuja akitoka upande wa bondeni, tukamsimamisha, akasema hajapishana na yeyote. Tuliporudi, fundi alikuwa ameshuka, anatazama pale karai lilipokuwa. Palikuwa na duara la maji na omena wachache, wabichi, wanang'aa. Kuku waliwadonoa kabla sijapata akili ya kuinama. Fundi alikusanya brashi zake akaenda. Hajarudi, na ule ubao umebaki nusu.

Baba alitaka tuibandue plasta. Tulijaribu upande mmoja, udongo wa Mama ukatoka nao vipande vipande, tukaacha. Siku hizi kila jioni anabeba kiti anakaa kando ya barabara. Mwanamke yeyote akipita na karai, anamwambia, "Ni hapa." Wengine wameanza kupita njia nyingine. Nimemsihi aje tukae Rongo, hataki.

Mimi hajanilaumu hata siku moja. Lakini sasa sura ya Mama naikumbuka. Ni sura ya mtu aliyechoka, ananishukuru kwa kumwelekeza mbali na kwake.

Wewe mwenye nyumba ya zamani, itengeneze, si vibaya. Lakini kama kuna mtu wenu aliyetoka asirudi, usishike brashi kabla hujaenda kaburini kwake, hata kama ndani mlizika yago tu. Mwambie kwa sauti kwamba rangi inabadilika na kwake ni papo hapo. Na mgeni akikuuliza njia ya kwake, usiharakishe kunyoosha mkono. Muulize kwanza anaitwa nani.