Rangi ya Fedha Mkiani

Kila nikipita Njoro, na hupita sana kwa kuwa sijajifunza kukaa mahali pamoja, huenda kutazama ghala la shayiri tulimoundia ndege. Imebaki sakafu tu.

Miaka ya hamsini, mzungu mwenye shamba lile alikuwa akiunda ndege yake mwenyewe, ya mbao na kitambaa. Alimwajiri fundi Kalasinga kutoka Nakuru amfungie redio. Mimi nilikuwa mpaka rangi. Kwa mama, upande wa Molo, palikuwa mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Lakini siku hizo za hali ya hatari watu wa kwetu hatukuvuka mpaka wa shamba bila kibali, nami nilikuwa nimenyimwa miaka miwili. Mzungu akaniahidi kwamba redio ikifanya kazi atanipandisha, anipitishe juu ya kwetu.

Fundi alibandika utepe wa shaba ndani ya mkia, ndiyo antena, kisha tukaufunika kwa kitambaa.

"Wewe, sikia," akaniambia. "Rangi ya fedha iko na unga ya chuma. Mkia hapana paka. Redio takuwa kiziwi."

Niliitikia. Alipokwenda mjini nikapaka ndege yote fedha isipokuwa mkia. Mkia ule ulipenywa na mwanga, mbavu zake zikaonekana kama za ng'ombe wa kiangazi. Sikutaka mama anione nikipita na ndege yenye njaa. Nikaupaka fedha, tabaka moja jepesi, halafu rangi nyekundu ya mwisho ikafunika kila kitu.

Siku ya kujaribu, redio ilikoroma tu. Mzungu akamgeukia fundi.

"Umelehemu vibaya. Funga vyombo vyako, usirudi hapa."

 Fundi alianza kukunja nyaya zake moja moja, polepole, kama mtu anayetafuta kosa lake humo. Nilivumilia mpaka waya wa tatu.

"Ni mimi, bwana. Niliupaka mkia fedha."

"Basi wewe hupandi," akasema mzungu.

Tulichana kitambaa cha mkia, tukaweka kingine. Ndege ilipokuwa tayari, fundi ndiye aliyekaa kwenye kiti changu ili aijaribu redio. Kabla hawajaondoka nilimwelekeza kwa mama: mti uliopigwa na radi, na nyumba ya nyasi iliyo kando yake.

Nikabaki ghalani na redio ndogo ya kusikilizia. Mlio wa ndege ukapotea kuelekea Molo. Kisha sauti yake ikaja, safi kabisa.

"Wewe mpaka rangi! Naona ile mti. Naona nyumba, iko na moshi. Mama moja natoka nje, nashika kichwa, natazama juu."

"Mpungie mkono," nikasema.

Nikasema tena, kwa nguvu zaidi. Redio ile ilijua kupokea tu.